Mwombaji Asiyejulikana Wodini

"Huyu binti ametudanganya," alisema Msajili wa chuo cha udaktari, akaisukuma picha juu ya meza kwa ncha ya kidole. "Nataka uniambie hivyo kwa mdomo wako kabla ya saa kumi. Nimfute, nafasi apewe mwingine, nami niende nyumbani nikale."

Inspekta aliichukua picha. Alikuwa amestaafu upolisi zamani, na sasa chuo kilimtumia kuchunguza vyeti vya waombaji, ila cheo kilikuwa kimemganda na hakuna aliyekumbuka kumwita vinginevyo. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye subira nyingi kwa watuhumiwa na kidogo sana kwa mabosi.

"Kama jibu unalo, umeniitia nini?"

"Kanuni inataka uchunguzi."

"Basi niache nichunguze."

Msajili hakuwa mtu mbaya. Wiki hiyohiyo alikuwa amenasa vyeti viwili vya kughushi, na tangu hapo kila karatasi aliyoishika ilimnukia wizi. Ukweli ni kwamba safari hii alikuwa na sababu. Binti wa kwenye picha alikuwa na alama safi za biolojia, kemia na fizikia, na kwenye usaili aliwajibu madaktari watatu bila kubabaika. Lakini chuo kina sharti moja zaidi: hakimpokei mtu ambaye hajawahi kujitolea wodini nusu mwaka mzima, maana wapo wanaotamani koti jeupe ila wakinusa bakuli la makohozi wanazimia. Binti alidai ametimiza sharti hilo katika wodi ya kifua kikuu. Msajili akapeleka picha yake wodini, na wodi nzima ikajibu kwamba haijawahi kumwona.

"Na sista mkuu aliyesaini cheti chake?"

"Yuko masomoni ng'ambo. Simu haipatikani. Unaona jinsi ilivyopangwa?"

"Naona simu haipatikani," alisema Inspekta. "Binti ameambiwa wodi imemkana?"

"Hapana. Mwombaji haelezwi ushahidi dhidi yake mpaka uchunguzi uishe. Anajua tu kwamba cheti kina mashaka."

Akithibitika kudanganya angefungiwa maisha, asiombe tena udaktari katika chuo chochote. Inspekta aliitia picha mkobani na kwenda chumba cha pili.

Binti alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, mikono magotini. Alisimama mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Wodini ulikuwa unafanya nini?"

"Kulisha waliodhoofika, kutandika, kuwasindikiza watu kwenda kupigwa picha za kifua. Nilikuwa naingia mchana, nikishamsaidia baba kufagia saluni. Baba ni kinyozi."

"Nifikishe wodini. Naingia, naona nini?"

Binti alifumba macho kidogo. "Kwanza unapanda ngazi tatu. Kuna beseni la kunawia, upande wa kushoto. Vitanda vimepangwa pande mbili, na dirisha la mwisho halifungi, tulikuwa tunaliegemezea kiti."

"Nani anaweza kukusemea?"

"Wote."

"Nitajie mmoja."

"Mama, wote wananijua. Nenda kawaulize."

Jibu hilo lilimkera Inspekta. Katika miaka yake yote ya kazi, mwongo alikuwa na shahidi mmoja tu, tena rafiki yake wa chanda na pete. Huyu alikuwa anamkabidhi wodi nzima, wodi ileile iliyomkana.

"Umeomba mara ngapi chuo hiki?"

"Hii ya tatu. Mara ya kwanza kemia iliniangusha, nikarudia mtihani. Mara ya pili nikaambiwa sina huduma ya wodini, nikaenda wodini." Alimtazama Inspekta usoni. "Sasa nimekosa nini tena?"

Inspekta alimwambia asiondoke pale, asipige simu, asiongee na mtu. Kisha akatoka.

Hospitali haikuwa mbali. Kwenye geti la wodi ya kifua kikuu mlinzi alimzuia kwa mkono.

"Huingii hivihivi, mama. Barakoa, kofia, gauni. Unavaa hapa, unavulia hapahapa ukitoka. Hata mkurugenzi anavaa."

Alivaa. Barakoa ilikuwa nene, ilimfunika kuanzia chini ya macho hadi kidevuni, na kofia ilimshukia kwenye nyusi. Mlangoni alitazama chini. Ngazi hazikuwepo. Palikuwa na mteremko laini wa viti vya magurudumu. Beseni lilikuwa mkono wa kulia. Alitembea mpaka mwisho, akayajaribu madirisha moja moja, na yote yakafunga vizuri.

Alisikitika, maana alikuwa ameanza kumpenda yule binti.

Alianza na Sista wa zamu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukemea, naye amejifunika vilevile. Sista aliishika picha, akaisogeza kwenye mwanga.

"Ndiyo hii tuliyoletewa juzi. Simjui. Na jina hilo silijui."

"Wanaojitolea hamwaandiki mahali?"

"Mambo hayo alikuwa nayo sista mkuu aliyeondoka. Mimi nina wagonjwa, mama, sina muda wa picha."

Mfagizi alisema hamjui. Mzee wa kitanda cha kwanza, aliyeitwa Jenerali kwa sababu aliwaamrisha wauguzi akiwa amelala chali, aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mzuri," alisema. "Ningekuwa nimemwona ningekumbuka. Sijamwona."

"Umekaa hapa muda gani, mzee?"

"Nimeingia, nikapona, nikatoka, nikarudi. Mimi na sista tunazeeka pamoja."

Sista alisema kwa ukali kwamba yeye hazeeki, wagonjwa wakacheka, na Inspekta akatoka. Maelezo ya binti yalikuwa yameharibika yote, na mashahidi wote walikuwa wamekataa. Getini alivua gauni, kofia na barakoa, akavitupa kwenye pipa lenye mfuniko. Kazi ilikuwa imekwisha. Alibakiza kumpigia Msajili simu na kusema maneno ambayo Msajili alikuwa ameyangoja tangu asubuhi.

Lakini koo lilikuwa kavu, na nje ya geti palikuwa na kibanda cha chai. Alikaa kwenye benchi, akaagiza kikombe.

Hata hajakimaliza, mwanamke mwenye sweta aliketi pembeni yake na kuvua kiatu kimoja bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Sogea kidogo, dada. Miguu inaniwaka moto."

"Karibu."

"Leo tumesumbuliwa!" Mwanamke alipokea chai yake. "Mtu una wagonjwa tele, anakuja mmama mmoja mpelelezi, anakagua mpaka madirisha. Anauliza maswali utadhani tumemwibia mume."

Inspekta alipaliwa na chai. Alikohoa, akafuta mdomo.

"Yukoje huyo mmama?"

"Mnene hivi. Macho ya kuchungulia. Na lile pua lake!" Alionyesha kwa mkono ukubwa wa pua. "Wambea wote wana mapua makubwa."

Inspekta alijigusa pua. Ilikuwa ndogo, tena marehemu mama yake alizoea kumtania kwamba haitoshi kubeba miwani.

"Hiyo pua umeiona?"

"Si nakwambia—" Mwanamke alisita. "Aa, kuiona sikuiona. Alikuwa na barakoa. Lakini mtu unajua tu."

Inspekta aliweka kikombe chini taratibu. Alimgeukia mwenzake, akajifunika pua na mdomo kwa kiganja kimoja, na kwa kingine akajifunika paji la uso mpaka kwenye nyusi. Yakabaki macho matupu.

Mwanamke alitazama. Kiatu kilimdondoka mkononi.

"Mungu wangu! Ni wewe!"

"Ni mimi. Na wewe ndiye Sista." Inspekta alishusha mikono. "Tumeongea ana kwa ana, tumekaribia kugombana, kisha tumekaa benchi moja na hakuna aliyemjua mwenzake. Mimi eti mpelelezi!"

Sista aliinamisha kichwa kwa aibu. "Nisamehe kwa ile pua, dada."

"Pua uliyonipa nimeipenda sana. Sasa nijibu. Mliwahi kuwa na binti wa kujitolea, wa kuingia mchana?"

"Wamepita wengi, wanachoka wanakimbia. Aliyedumu ni mmoja, Kijiko. Jenerali ndiye aliyempa hilo jina. Alikuwa anakaa na mgonjwa aliyekataa kula, anambembeleza, kijiko kimoja tu babu, kimoja tu, mpaka bakuli linaisha. Huyo ungetuletea picha yake tungemsemea mpaka kesho."

"Sura yake ikoje?"

"Mashavu ya duara. Mdomo mdogo, na akicheka ana mwanya hapa mbele—"

"Mwanya umeuona wapi?"

Sista alitazama geti, mahali ambapo kila mtu alijifunika akiingia na kujifunua akitoka.

"Hakuwahi kunywa chai na nyinyi?"

"Wanaojitolea hawaruhusiwi. Anavaa getini, anaingia, anafanya kazi, anatoka, anavulia getini." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Dada, nusu mwaka mzima. Ule mwanya nimemtungia mwenyewe?"

"Kama ulivyonitungia pua. Swali la mwisho. Kijiko alifanya kazi kwenye jengo hili?"

"Hapana. Hapa tumehamia baada ya yeye kuondoka. Wodi ya zamani iko nyuma, sasa ni stoo ya magodoro."

Inspekta alikuwa ameshasimama. Walizunguka jengo. Stoo ilikuwa na ngazi tatu zilizolika katikati. Ndani, beseni lilikuwa mkono wa kushoto, limejaa vumbi, na nyuma ya lundo la magodoro dirisha la mwisho lilikuwa limeegemezewa kiti. Inspekta alijikuta akicheka peke yake. Hakuwa amecheka hivyo tangu asubuhi.

"Basi ndiye!" alisema Sista. "Nipe simu nimwambie huyo Msajili wenu!"

"Bado. Jengo mtu yeyote anaweza kuingia akaliona. Na Kijiko anaweza kuwa binti mwingine kabisa. Msajili ataniuliza hayo, na atakuwa na haki." Alimshika mkono. "Kuanzia sasa usimwambie mtu neno, si Jenerali, si mfagizi. Ukisema, ushahidi umekufa. Kakae ofisini mpaka nikuite."

Alimpigia Msajili.

"Umemaliza?" aliuliza Msajili.

"Mlete binti hapa. Njoo naye mwenyewe, na usimweleze kitu."

"Saa inakwenda, Inspekta."

"Ndiyo maana nakuambia uje na gari."

Gwaride la utambulisho alikuwa amelisimamia mara nyingi akiwa polisi, ila lile la waliojifunika nyuso hakuwahi hata kulisikia. Alikwenda shule ya uuguzi iliyo ndani ya uzio, akaomba wasichana watano wa kimo kimoja na binti, wembamba kama yeye, ambao hawajawahi kufanya kazi wodi ya kifua kikuu. Aliwavisha wote gauni, kofia na barakoa, hata viatu akawapa vya aina moja. Msajili alipofika na binti, Inspekta alimvisha naye na kumwambia achague mwenyewe pa kusimama. Binti alichagua nafasi ya nne. Macho yake yalikuwa yanauliza, lakini mdomo aliufunga kama alivyoagizwa.

Walipangwa kwenye ukumbi wazi nyuma ya wodi, penye hewa. Msajili alitaka kusimama mbele.

"Nyuma yangu," alisema Inspekta, "na uangalie ukuta. Sitaki shahidi asome macho yako."

"Mimi hata simjui ni yupi tena."

"Vizuri. Leo ndiyo utajua kazi ya wodi ilivyo."

Shahidi wa kwanza alikuwa mfagizi. Alipita mbele ya wasichana sita, akarudi, akajikuna kichwa.

"Mama, nisiseme uongo. Mimi muda wote naangalia sakafu, siangalii watu."

Msajili aliguna nyuma. Inspekta alimshukuru mfagizi kwa dhati na kumpeleka chumba cha mbali ili asikutane na wengine.

Wa pili alikuwa Sista. Alianza kutembea toka wa kwanza. Hakufika wa sita. Kwa wa nne alisimama, akamtazama macho, akashuka na macho mpaka mikononi, na midomo yake ikaanza kucheza chini ya barakoa.

"Niambie namba tu," alisema Inspekta. "Usimguse."

"Nne." Machozi yalikuwa yanamlowanisha barakoa. "Huyu ni Kijiko. Anasimama akiegemea mguu wa kulia, kila siku namwambia atapinda mgongo. Nne, dada, andika nne."

Sista alitolewa, na Inspekta akathibitisha kwamba wa nne ndiye binti. Msajili alikohoa.

"Mmoja ameshindwa, mmoja amepatia. Kati ya sita mtu anaweza kubahatisha."

"Kweli," alisema Inspekta. "Ndiyo maana tunaendelea." Akamruhusu binti abadilishe nafasi. Binti alihamia mwanzo kabisa.

Jenerali aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, amefurahi kutoka nje. Alikagua mstari kama mkuu wa jeshi kweli.

"Kuna mtu unamjua?" aliuliza Inspekta.

"Macho yangu mabovu, mama. Picha ile niliisifia tu kwa adabu." Alifikiri. "Waambie waseme kitu."

"Waseme nini?"

"Mimi nilikuwa nagoma kula. Kila mmoja anibembeleze nile."

Inspekta aliangalia saa. Muda ulikuwa mdogo, lakini ombi lilikuwa halali, shahidi ana haki ya kusikia sauti. Aliagiza kila msichana, kwa mpangilio wake Inspekta, aseme maneno yake mwenyewe. Alianza na wa sita. Wa sita alisema, babu, kula upate nguvu. Wa tano alimtishia sindano. Wa nne aliona haya akasema kula tu. Jenerali alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa, hapana, hapana. Wa tatu, hapana. Wa pili, hapana. Msajili aligeuka kutoka ukutani, kanuni ameisahau.

Ilifika zamu ya wa kwanza. Alisema kwa sauti ya chini, kama hakuna mtu mwingine pale.

"Usipokula na mimi sili, babu. Tutaangaliana hivihivi mpaka jioni, na unajua mimi sichoki."

Jenerali hakufungua macho. Alifungua mdomo, akaungoja mlo.

Hakuna aliyecheka. Inspekta mwenyewe alilazimika kutazama pembeni.

"Ndiye huyo," alisema mzee hatimaye. "Kama kuna mtu anasema si yeye, mleteni hapa."

Msajili alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni ana uzuri wake: ukimwonyesha kwamba sharti limetimizwa, habishani nalo. Alitoa simu mbele ya wote na kumpigia karani wake.

"Ile nafasi niliyokuambia uishike. Mpe mwenyewe. Ndiyo, yuleyule. Sharti limetimizwa, mashahidi nimewasikia mimi mwenyewe. Na wodi hiyo msiipelekee picha tena." Kisha akamgeukia binti, asijue mikono yake aiweke wapi. "Binti, tumekukosea. Karibu chuoni."

Binti alikaa palepale sakafuni na gauni lake, na wale wasichana watano wa uuguzi, ambao hawakumjua hata jina, walimzunguka wakapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio.

Inspekta aliwaongoza wote nje ya geti, Jenerali akabaki ndani nyuma ya wavu na kiti chake. Hapo binti aliruhusiwa kuvua. Alivua kofia, halafu barakoa. Sista alimkaribia, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Cheka," aliamuru.

Binti alicheka huku analia. Meno yalikuwa yamebanana, hayana nafasi hata ya uzi.

"Hana mwanya," alisema Sista kwa masikitiko ya kweli, kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka Inspekta akaingilia kati.

"Mwache apumue. Ana simu ya kupiga."

Simu ya binti ilikuwa imeishiwa salio, Inspekta akampa yake na kuwasha kipaza sauti, ili wote wasikie. Ililia mara chache. Upande wa pili ikasikika mashine ya kunyolea.

"Baba, ni mimi. Wamenikubali. Baba, nimepata udaktari."

Mashine iliendelea kunguruma, kisha ikazimwa. Walingoja.

"Baba? Unanisikia?"

Ikaja sauti ya mwanamume mwingine, ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Haloo? Wewe nani? Umemwambia nini huyu kinyozi? Mimi nimenyolewa nusu kichwa, na yeye amenishika begani analia, haniachii."